Miguu kuvimba jioni na kilo kupanda ghafla: kwa nini kupunguza kunywa maji hakusaidii

Dada habari, swali lako nimelisoma lote mpaka mwisho, na kwa ajili ya wengine watakaosoma hapa ngoja nilieleze kwa kifupi. Una miaka 36, kazi yako ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima, jioni ukivua soksi unakuta mstari umejichora mguuni, asubuhi saa zingine pete inabana, mizani ijumaa ilisoma kilo 68 na jumatatu ikasoma karibu 70, alafu siku chache kabla ya hedhi hali inakuwa mbaya zaidi. Ukahisi mwili umejaa maji kwa hiyo ukaanza kunywa glasi tatu tu kwa siku, na rafiki yako amekupa vidonge vya kukojosha alivyoandikiwa mama yake. Unauliza haya maji yanatoka wapi na kama vidonge vimezwe au visimezwe.

Visimezwe. Naanza na hilo kabisa ili hata ukiishia hapa uwe umeondoka na la muhimu, sababu zake nitazitoa chini huko. Na glasi tatu uziache, rudi kunywa kawaida kuanzia leo.

Sasa tuje kwenye hizo kilo mbili maana najua ndo zinakuumiza roho. Mafuta kilo moja yanabeba kama kalori 7,700, kwa hiyo ili unenepe kilo mbili za mafuta toka ijumaa mpaka jumatatu ungetakiwa ule kalori zaidi ya 15,000 juu ya zile ambazo mwili unazitumia, yani hicho ni chakula cha siku saba nane kwa mwanamke wa kawaida, umekila cha ziada ndani ya siku tatu. Haiwezekani na haikutokea. Kilichoingia ni maji, pamoja na chakula chenyewe ambacho bado kiko tumboni. Maji yana tabia moja ambayo watu wengi hawaambiwi, hayakai mwilini kwa sababu umeyanywa, yanakaa kwa sababu kuna kitu kimeyashika. Ukikijua kinachoyashika umemaliza nusu ya kazi, na mara nyingi kitu hicho sio glasi ya maji.

Mtu mzima mwenye kilo 70 ana maji kama lita 42 mwilini, wanawake wanakuwa na kidogo chini ya hapo kwa sababu mafuta hayabebi maji mengi kama msuli. Hizo lita theluthi mbili ziko ndani ya seli zenyewe. Theluthi moja iliyobaki iko nje ya seli, na hapo ndo stori yako yote ilipo, maana katika hizo lita 14 ni lita 3 tu hivi zinazozunguka ndani ya mishipa kama majimaji ya damu, zingine zimekaa kwenye nafasi kati ya seli na seli, chini ya ngozi, kuzunguka misuli, kila mahali. Kuvimba maana yake hiyo nafasi ya katikati imepokea zaidi ya inavyorudisha. Na huwa tunachelewa kuiona, mtu mzima anaweza kubeba lita mbili au zaidi za ziada zimesambaa mwili mzima kabla hujabonyeza ngozi ukaona shimo, ila mizani na pete vinajua mapema.

Kwenye zile kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, kuna mvutano usiokatika hata dakika moja. Presha ya damu inasukuma maji yatoke nje ya mshipa, na ndani ya mshipa kuna protini inaitwa albumini, inatengenezwa na ini, yenyewe inavuta maji yabaki ndani. Mwanafiziolojia wa Uingereza Ernest Starling alieleza huu mvutano mwaka 1896 na mpaka leo madaktari wanaanzia hapohapo mtu akija amevimba. Siku zote yanayotoka yanazidi kidogo, kwa hiyo kuna mfumo wa pili, mishipa ya limfu, unaokusanya hayo ya ziada lita kadhaa kila siku na kuyarudisha kwenye damu karibu na shingo. Kwa hiyo mtu akivimba jiulize nini kimebadilika hapo. Presha ndani ya mshipa imepanda? Albumini imeshuka? Ukuta wa mshipa unavujisha, kama pale mdudu alipouma au ulipotegua kifundo? Limfu imeziba? Au figo zinabakisha chumvi na maji mengi mpaka mfumo mzima umejaa? Hakuna uvimbe wa maji unaoanzia nje ya maswali haya.

Na wewe una mambo mawili matatu yanayoenda pamoja.

La kwanza ni chumvi, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo penye kilo zako mbili. Mwili unalinda ukali wa chumvi kwenye damu kwa wivu mkubwa sana, sodiamu, yale madini yaliyomo kwenye chumvi, inatakiwa iwe kati ya 135 na 145 kwa kipimo cha maabara na haipewi nafasi ya kutembea nje ya hapo. Ukila chakula chenye chumvi nyingi sodiamu inataka kupanda, ikipanda hata asilimia moja au mbili ubongo unashtuka, unasikia kiu na wakati huohuo unatoa homoni ya ADH inayoziambia figo zisimwage maji. Unakunywa, figo zinabakisha, ukali unarudi pale pale ulipokuwa, ila sasa una chumvi zaidi na maji zaidi. Drip ya chumvi ya hospitali ina gramu 9 za chumvi kwa lita moja, na imewekwa hivyo makusudi ili ilingane na ukali wa mwili. Sasa ugeuze hesabu upande wa pili, gramu 9 za chumvi ya ziada zikibaki mwilini zinashika karibu lita moja ya maji, na lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mizani. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 5 au 6 hivi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, chumvi yote kwa ujumla ikiwemo iliyoko ndani ya chakula. Wikiendi mbili tatu za kula nje, vyakula vya pakiti, nyama za kusindika, supu za unga, vitu vya kukaanga vilivyonyunyiziwa, unafika gramu 12 au 15 kwa siku bila kugusa kichupa cha chumvi mezani.

Ukinywa maji matupu lita moja, wewe ambaye figo zako ni nzima, ndani ya nusu saa ukali wa damu unashuka kidogo tu, ADH inazimwa, na ndani ya saa mbili tatu sehemu kubwa ya ile lita umeshaikojoa. Figo zinachuja lita kama 180 kwa siku na zinarudisha karibu zote, mkojo unaotoka ni lita moja na nusu tu hivi, kwa hiyo lita moja ya ziada kwao ni kazi ndogo sana. Chumvi sio hivyo. Chumvi ya ziada figo zinaitoa polepole, zinachukua siku mbili mpaka nne kurudi kwenye mstari, na muda wote huo maji yake yanaisubiri. Ndo maana uzito wa jumatatu unashuka wenyewe kufikia alhamisi bila kufanya kitu, na ndo maana watu wanauza vitu vya kusafisha maji mwilini kwa siku tatu na wanunuzi wanashuhudia vinafanya kazi, wakati zile siku tatu zenyewe ndo zimefanya kazi.

Kwa hiyo ulipokata maji ukabaki na chumvi ileile, ulichofanya ni kuuambia mwili kwamba kuna ukame. ADH ikawa juu kutwa, figo zikaanza kubana kila tone, mkojo ukawa wa njano iliyokoza kama ulivyosema mwenyewe. Hukuondoa maji yaliyoshikwa na chumvi, umeondoa yale ya kubebea taka tu, na kichwa kinauma jioni. Simaanishi kwamba ukinywa maji mengi ndo utaisafisha chumvi, hilo nalo watu wanalikuza sana, nasema tu kunywa kidogo hakukusaidii na kunakuchosha. Kunywa ukisikia kiu, na kidogo zaidi siku ya joto au ya kutoka jasho, angalia mkojo uwe njano ya kupauka. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaweka lita 2 kwa siku kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanaume, na hizo ni pamoja na maji yaliyoko kwenye chakula, kwa hiyo usijilazimishe kumeza lita nne kwa sababu mtu kaandika mahali. Chai na kahawa zinahesabika, kwa mtu aliyezoea kafeini haimkojoshi kiasi cha kumkausha.

Na upande wa kuzidisha upo na unaua. Figo nzima zinaweza kutoa lita moja hivi kwa saa, sio zaidi sana, na mtu akizidisha hapo hasa wakati ADH iko juu kwa sababu ya mazoezi makali, maumivu au baadhi ya dawa, sodiamu inashuka, maji yanaingia ndani ya seli na ubongo unavimba ndani ya fuvu ambalo halitanuki. Kwenye marathoni ya Boston mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio na asilimia 13 walikuwa na sodiamu chini ya kiwango, na wengi wao walikuwa wamenywa kupita kiasi mpaka wakamaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Kichefuchefu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, degedege. Kwa hiyo kiu yako iheshimu pande zote mbili.

La pili kwako ni kiti. Mtu akisimama wima bila kusogea, presha kwenye mishipa ya vena, ile inayorudisha damu kwenye moyo, pale kifundoni inafika karibu milimita 90 za zebaki, kwa sababu ni uzito wa damu yote kutoka usawa wa moyo mpaka chini. Akianza kutembea inashuka chini ya 30. Kinachofanya hivyo ni msuli wa shavu la mguu, pale nyuma chini ya goti, ukikaza unabana vena na kusukuma damu juu, valvu ndogo ndani ya vena zinazuia isirudi. Ukikaa kwenye kiti saa nane, presha sio kubwa kama ya kusimama lakini pampu imezimwa, na magoti na nyonga zimekunjwa, basi maji yanachuruzika nje ya kapilari taratibu saa baada ya saa mpaka jioni elastiki ya soksi inaacha mfereji. Hii haihitaji ugonjwa wowote, inampata hata mtu mwenye afya kabisa, siku za joto inazidi kwa sababu mishipa ya ngozi inatanuka kupoza mwili.

Unachoweza kufanya ni kuamka kila nusu saa au dakika arobaini utembee hata kwenda tu kuchukua maji, na ukiwa umekaa piga visigino juu chini, yani nyanyua kisigino vidole vikiwa chini alafu geuza, mara ishirini thelathini, utasikia shavu la mguu linakaza, hiyo ndo pampu. Ukifika nyumbani lala chali miguu iwe juu ya usawa wa moyo dakika ishirini. Watu wanaweka miguu kwenye kigoda wanasema wameinua, kigoda kiko chini ya moyo, kinasaidia kidogo lakini sio sana. Soksi za kubana zile za presha ya milimita 15 mpaka 20 za zebaki zinasaidia sana wenye kazi za kukaa na kusimama, zivaliwe asubuhi kabla mguu haujavimba, ila mwenye kisukari cha muda mrefu au ambaye mashavu ya miguu yanamuuma akitembea na kupoa akisimama, asivae kabla mishipa ya damu ya miguu haijapimwa.

Hapohapo ndo jibu la lile ulilouliza mwishoni kana kwamba halihusiani, kwa nini unaamka usiku mara mbili kukojoa wakati mchana hujanywa kitu. Linahusiana kabisa. Ukilala, uzito wa damu unaondoka miguuni, maji yaliyokaa kule kutwa nzima yanarudi kwenye mishipa, moyo unapokea ujazo ulioongezeka, kuta zake zinatanuka na zinatoa homoni inayoziambia figo zitoe chumvi na maji. Unakojoa usiku yale ya miguuni. Hiyo dakika ishirini ya kuinua miguu ukiifanya saa mbili tatu kabla ya kulala, mkojo huo unakuja ukiwa bado macho na usingizi unapona.

Kuhusu pete asubuhi, ni mwendelezo wa hayohayo, ukilala maji yanasambaa sawa mwili mzima, kwa hiyo uso na vidole vinapata fungu lao, na ukiwa umekula chumvi usiku basi macho yanaamka yamevimba. Kama kufikia saa nne asubuhi imeisha na haitokei kila siku, iache hapo.

La tatu ni mzunguko wako. Baada ya yai kutoka, projesteroni na estrojeni zinapanda zote na mfumo wa homoni unaoshika chumvi, ambao aldosteroni ndo kiongozi wake, unaamka. Kwa wanawake wengi kujaa maji kunapanda taratibu na kufika kileleni siku ya kwanza ya damu au karibu yake, alafu kunashuka haraka. Wengine hawaoni kitu, wengine kilo moja mpaka mbili na matiti yanauma. Hapa ushauri wangu ni wa moja kwa moja, usijipime kipindi hicho kama mizani inakuharibia siku, au ukijipima linganisha siku ya mzunguko huu na siku ileile ya mzunguko uliopita. Ukilinganisha siku ya 26 na siku ya 8 unalinganisha vitu viwili tofauti na utaishia kujinyima chakula bila sababu.

Kuna kitu kingine ambacho hukuuliza ila umekitaja, kwamba mwezi uliopita ulikata wanga kabisa, ukapungua kilo mbili na nusu siku nne za mwanzo, alafu ulipokula wali siku moja zikarudi karibu zote. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini inaitwa glaikojeni, nusu kilo hivi kwa jumla, na kila gramu moja inakaa na gramu kama tatu za maji. Ukikata wanga akiba inatumika na maji yake yanamwagika, kilo moja na nusu mpaka mbili zinaondoka hivi hivi, na insulini ikishuka figo zinatoa chumvi zaidi. Ukila wanga akiba inajazwa na maji yanarudi kazini kwake. Hukunenepa kwa sahani moja, na zile za mwanzo hazikuwa mafuta. Vilevile ukianza mazoezi mapya misuli ikiuma, ile sehemu iliyochubuka ndani inashika maji siku kadhaa, wengi wanaacha mazoezi wiki ya kwanza kwa sababu mizani imepanda, inasikitisha sana.

Sasa dawa. Kabla ya kulaumu chakula nataka uangalie kabati lako. Za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinazuia kemikali ambazo figo zinazitumia kutoa chumvi, mtu akimeza kila siku kwa ajili ya mgongo anavimba na presha inapanda, na wewe umesema unameza za hedhi siku tano, basi zimo kwenye hesabu. Amlodipini ya presha inavimbisha vifundo kwa watu wengi, sio kwa sababu imeshika maji bali inatanua mishipa ya upande wa kuingiza damu kuliko ule wa kutoa, presha ndani ya kapilari inapanda, ndo maana hata ukimpa huyo mtu dawa ya kukojosha mguu haupungui vizuri, anayetakiwa ni daktari wake apunguze dozi au abadilishe, yeye mwenyewe asiache ghafla. Zingine zinazovimbisha ni prednisoloni, baadhi ya dawa za kisukari kama pioglitazoni, na vidonge vya uzazi vyenye estrojeni kwa baadhi ya watu. Na hivi vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vinavyotoa mapovu, vya vitamini au vya kichwa, mapovu yale yanatokana na bikaboneti ya sodiamu, kidonge kimoja kinaweza kubeba sodiamu ya gramu nzima ya chumvi. Soma kwenye boksi, wakiandika sodiamu peke yake zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

Nirudi kwenye vidonge vya mama wa rafiki yako. Ulivyovieleza ni furosemaidi, dawa nzuri sana kwa moyo uliochoka na figo zilizoshindwa, inaokoa watu kila siku. Kwa mtu kama wewe inafanya hivi, saa sita za kwanza unakojoa sana, mizani inashuka kilo moja na nusu, unafurahi. Majimaji ya ndani ya mishipa yamepungua, kwa hiyo figo zinaona damu haitoshi, zinaamsha renini na aldosteroni, ule mfumo wa kushika chumvi, kwa nguvu, na dawa ikiisha zinashika chumvi yote inayopita. Siku ya pili unavimba kuliko mwanzo. Unameza tena. Watu wanafanya hivi miaka, wanakuja kliniki wanasema bila kidonge navimba kama puto, na kweli wanavimba, kidonge chenyewe ndo kimewafundisha figo kung'ang'ania, kuwatoa huko inachukua wiki tatu nne za uvimbe unaotisha kabla mwili haujatulia. Katikati ya hapo potasiamu inamwagika, misuli inakaza usiku, moyo unaruka mapigo. Potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kusimama. Mrudishie mama wa watu dawa zake, na yeye anazihitaji.

Kuna uvimbe ambao maelezo yangu yote hapo juu hayauhusu, na huu nauandika kwa uzito wote. Mguu mmoja tu umevimba, unauma, una joto au umebadilika rangi, hasa baada ya safari ya zaidi ya saa nne, upasuaji au kulazwa, hilo ni damu kuganda mpaka lithibitishwe sio, unaenda siku hiyohiyo, na ukisikia kifua kinachoma au pumzi inakata unaenda dakika hiyo. Kuvimba miguu yote pamoja na kukosa pumzi ukilala chali, kulazimika kuongeza mito, kuamka usiku unatafuta hewa, huo ni moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo anayejulikana akiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu ampigie daktari wake hata kama anajisikia vizuri. Uso na kope kuvimba kila asubuhi na mkojo unatoa mapovu yasiyoisha, protini inavuja kwenye figo. Tumbo linajaa maji, macho ya njano, ini. Mjamzito aliyepita wiki 20 akivimba uso na mikono ghafla, kichwa kinauma, anaona vimulimuli au anauma chini ya mbavu za kulia, asisubiri kliniki ya wiki ijayo, presha ya 140 kwa 90 kwake ni hatari na kifafa cha mimba kinakuja haraka.

Kujipima nyumbani ni rahisi. Jioni kaa, bonyeza kwa dole gumba juu ya mfupa wa ugoko, sentimita chache juu ya kifundo, hesabu mpaka kumi na tano bila kuachia, alafu achia na upitishe kidole taratibu. Ikibaki shimo umevimba maji, na tazama linachukua sekunde ngapi kujaa. Rudia asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Shimo la jioni ambalo asubuhi halipo linaenda na kiti na mvutano wa ardhi. Shimo lipo asubuhi na jioni, na linapanda kuelekea goti wiki hadi wiki, hapo tunatafuta ugonjwa. Alafu jaribu kubana ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia, ukishindwa kabisa kuikunja kwa vidole viwili fikiria limfu. Ngozi nene iliyovimba ambayo haiachi shimo, na mtu anasikia baridi, amechoka, sauti imekuwa nzito, hapo apimwe tezi ya shingo.

Kwa hali yako dada, kwa maelezo uliyoandika, pande zote mbili sawasawa, asubuhi mguu uko safi, hukosi pumzi, nakwambia kwa moyo mweupe sioni ugonjwa hapo. Lakini mambo matatu ningeomba yafanyike kabla hatujafunga, maana kwa maandishi siwezi kukugusa. Presha ipimwe umekaa umetulia dakika tano, mkojo upimwe protini kwa kile kijiti cha kuchovya, na damu ipimwe figo pamoja na albumini. Ni vipimo vya kawaida. Kabla ya hapo usibadilishe kila kitu siku moja, wiki mbili za mwanzo gusa chumvi tu, pika mwenyewe unachoweza, acha vidonge vya mchuzi na vitu vya pakiti, tumia ndimu, vitunguu saumu, pilipili na tangawizi kuleta ladha, kula matunda na mboga maana potasiamu yake inazisaidia figo kutoa sodiamu, ila mwenye figo zenye shida asiongeze potasiamu bila kuambiwa, na zile chumvi mbadala za dukani nazo zimejaa potasiamu. Siku tatu nne za mwanzo chakula kitakuwa hakina ladha, ulimi unazoea baada ya wiki kadhaa.

Jipime asubuhi tu, umetoka chooni, kabla ya kula, na uandike siku ya mzunguko pembeni ya kilo. Dawa za maumivu ya hedhi ziandike pia, siku na idadi. Ukishapata majibu ya mkojo na damu nitumie pamoja na hiyo karatasi, nataka kuona kama kilo za jumatatu zinafuata wikiendi au zinafuata mzunguko, kwa sababu kama ni wikiendi tutaendelea na chumvi, na kama ni mzunguko tutazungumza habari ya kubadilisha hiyo dawa ya maumivu kwanza.